Kepler: Aliyetafuta ujumbe wa Mungu angani akakuta hesabu

MWAKA wa 1577, mwanamke mmoja wa kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani alimchukua mwanawe mdogo akampandisha mahali pa juu ili amwonyeshe nyota kubwa yenye mkia iliyokuwa imetokea angani.

Mtoto huyo, Johannes Kepler, alikuwa hajatimiza umri wa miaka sita. Kote Ulaya watu walikuwa wakiitazama nyota hiyo kwa hofu, wakijiuliza ilikuwa imetumwa kuwatangazia nini: vita, tauni, njaa au kifo cha mfalme.

Swali hilo, kwamba mbingu zina neno gani kwa binadamu, lilimwandama Kepler hadi kaburini. Ndilo lililompa sifa ambayo imedumu kwa karne nne. Hata hivyo, hamu hiyo hiyo ya kutafuta maana iliyofichika katika kila jambo nusura imfanye mama yake, mwanamke yuyo huyo aliyemwonyesha nyota, auawe kwa kosa la uchawi.

Kepler alizaliwa Desemba 27, 1571 katika mji wa Weil der Stadt, kabla ya miezi ya mimba kutimia. Babu yake aliwahi kuwa meya wa mji huo, lakini hali ya familia ilikuwa imeanza kudidimia. Baba yake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa aliyekwenda kupigana popote palipokuwa na mshahara. Hatimaye aliondoka asirudi tena. Mama yake, Katharina, alibaki akilea watoto na kuwatibu majirani kwa mitishamba.

Ugonjwa wa ndui ulimpata Kepler akiwa bado mdogo, ukamwachia macho hafifu na mikono iliyolemaa. Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Kepler hakujaliwa macho hayo, na kazi yake kubwa ilikuja kutegemea yale ambayo wenzake walikuwa wameyaona na kuyaandika.

Kwa bahati njema, watawala wa jimbo la Württemberg walikuwa na desturi ya kuwafadhili watoto wa maskini waliokuwa na vipaji vya masomo. Kepler alipata ufadhili huo na mnamo 1589 akajiunga na Chuo Kikuu cha Tübingen, nia yake ikiwa kuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri.

Ni huko alikokutana na mwalimu Michael Mästlin, aliyemfunza elimu ya falaki. Mästlin alimweleza nadharia ya Nicolaus Copernicus, ambaye mwaka wa 1543 alikuwa amechapisha kitabu kilichodai kuwa dunia ndiyo inayolizunguka jua, wala si jua linaloizunguka dunia. Wasomi wengi wa wakati huo waliipuuza hoja hiyo. Kepler aliipokea kwa mikono miwili.

Mnamo 1594, kabla hajatawazwa kuwa mchungaji, alitumwa mjini Graz, nchini Austria, kufundisha hisabati katika shule ya Walutheri. Wanafunzi waliojitokeza katika somo lake walikuwa wachache mno.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuandaa kalenda ya kila mwaka yenye utabiri wa mambo yajayo. Katika kalenda yake ya 1595 alitabiri baridi kali na mashambulizi ya Waturuki. Yote mawili yalitokea, na jina lake likavuma.

Hata hivyo, Kepler mwenyewe hakuufurahia umaarufu huo. Aliuona utabiri wa aina hiyo kuwa kazi ya kulisha tumbo na upuuzi wa kuwaridhisha watu. Kwake yeye, ikiwa Mungu alikuwa ameandika jambo angani, hakuliandika ili wakulima wajue siku ya kupanda wala wafalme wajue siku ya kupigana.

Julai 1595, akiwa mbele ya wanafunzi wake akichora michoro, wazo lilimjia ghafla kama umeme. Wakati huo sayari zilizojulikana zilikuwa sita pekee: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kepler alijiuliza ni kwa nini ziwe sita, wala si 20 au 100, na ni kwa nini zipishane kwa umbali huo zilio nao.

Wanahisabati wa Ugiriki ya kale walikuwa wamethibitisha kwamba kuna maumbo matano tu yaliyo kamili, yaani yenye pande zote zinazolingana, mchemraba ukiwa mojawapo. Kepler aliona kwamba maumbo matano yakipangwa moja ndani ya jingine huacha nafasi sita. Aliweka mchemraba kati ya Zohali na Mshtarii, na mengine manne akayapanga kati ya sayari zilizosalia. Vipimo vilikaribia sana kulingana na umbali uliojulikana.

Kijana huyo wa miaka 23 aliamini kwamba amefunua ramani aliyoitumia Muumba alipoujenga ulimwengu. Aliyekusudia kuhubiri kanisani sasa aliona kuwa kuchunguza nyota ni ibada pia, kwani maumbile yalikuwa kitabu cha pili cha Mungu na yeye alikuwa amepewa kukisoma. Kitabu chake cha kwanza, Mysterium Cosmographicum, kilitoka mwaka uliofuata.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Ramani hiyo nzuri haikuwa ya kweli.

Ili kuithibitisha, Kepler alihitaji vipimo bora zaidi, na mtu aliyekuwa navyo alikuwa Tycho Brahe, mtukufu kutoka Denmark. Kwa zaidi ya miaka 20, Brahe alikuwa amepima mahali pa nyota na sayari bila darubini, kwa usahihi ambao haukuwa umewahi kufikiwa na mtu yeyote.

Fursa ilijitokeza kwa njia ya uchungu. Mwaka wa 1600 watawala wa Graz waliwafukuza Waprotestanti waliokataa kujiunga na Kanisa Katoliki. Kepler, aliyekuwa amemwoa mjane aitwaye Barbara Müller na kuzika watoto wao wawili wa kwanza wakiwa wachanga, alikataa kuibadili imani yake. Alifunganya virago akahamia Prague, ambako Brahe alikuwa akimtumikia Kaisari Rudolf wa Pili.

Brahe alimpa kazi ya kuchunguza mwendo wa Mirihi, sayari iliyokuwa imewasumbua wataalamu kuliko zote. Oktoba 1601, Brahe aliaga dunia, na Kepler akateuliwa kuwa mwanahisabati wa Kaisari.

Baada ya kupiga hesabu kwa miaka kadhaa, Kepler alipata duara lililokaribia kueleza mwendo wa Mirihi. Tofauti kati ya hesabu zake na vipimo vya Brahe ilikuwa dakika nane. Hizi si dakika za saa, bali ni sehemu ambazo 60 kati yake hufanya digrii moja ya duara. Anayetaka kujua udogo wa tofauti hiyo na autazame mwezi mpevu: dakika nane ni takriban robo ya upana wake.

Mtu mwingine angeweza kulifumbia macho kosa dogo kama hilo. Tangu enzi za Wagiriki iliaminika kuwa vitu vya mbinguni havina budi kwenda kwa duara, kwa kuwa duara ndilo umbo lililo kamili. Kepler mwenyewe alilipenda. Lakini alijua kuwa Brahe hangeweza kukosea kwa kiasi hicho. Alilitupa duara lake pamoja na hesabu za miaka, akaanza upya.

Hatimaye aligundua kuwa Mirihi hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu, umbo linalofanana na duara lililobanwa ubavuni. Aligundua pia kwamba sayari huongeza kasi inapolikaribia jua na kuipunguza inapokuwa mbali. Kanuni hizo mbili alizichapisha mwaka wa 1609 katika kitabu cha Astronomia Nova.

Hapo ndipo penye funzo kuu la maisha yake. Kepler aliziendea mbingu akiwa na ujumbe ambao alitaka zimpe. Zilipokataa, hakuzilazimisha.

Katika miaka hiyo ya Prague, mbingu zilizua gumzo jingine. Oktoba 1604 nyota mpya ilichomoza, iking'aa kuliko nyota zote, karibu na mahali Mshtarii na Zohali zilikokuwa zimekutana. Watabiri walishindana kuifasiri. Kulikuwa na waliosema inatangaza mwisho wa dunia, na wengine kuanguka kwa dola la Waturuki.

Katika kitabu alichokitoa 1606 kuhusu nyota hiyo, Kepler aliona vigumu kukubali kuwa ilizuka kwa sadfa tupu, lakini alikataa kusema imekuja kutabiri nini. Humo ndimo alimosimulia kisa cha chakula cha jioni nyumbani kwake. Akiwa amechoka kwa kuwaza, aliketi mezani, mkewe akamwandalia saladi. Kepler alimuuliza kama majani ya mboga, chumvi, siki, mafuta na mayai vingekuwa vikielea hewani tangu milele, je, ingewezekana siku moja vikutane kwa bahati na kuwa saladi. Mkewe alimjibu kwamba huenda, ila haingekuwa tamu kama ile aliyoiandaa yeye.

Leo inajulikana kuwa ile haikuwa nyota mpya bali nyota kongwe iliyolipuka, na kwamba mwanga wake ulikuwa umesafiri kwa maelfu ya miaka kabla ya kufika duniani. Mlipuko huo ulitokea kabla Waturuki hawajawa na dola.

Mwaka wa 1611 ulimwandama Kepler kwa misiba. Mwanawe Friedrich, mwenye umri wa miaka sita, alikufa kwa ndui. Barbara naye alifariki mwaka uo huo. Kaisari Rudolf alinyang'anywa mamlaka. Kepler alihamia Linz, nchini Austria, lakini mchungaji wa kanisa lake mwenyewe la Kilutheri alimnyima Meza ya Bwana kwa kuwa alikataa kutia sahihi baadhi ya mafundisho ambayo dhamiri yake haikuyakubali. Mtu aliyefukuzwa Graz kwa kuwa Mlutheri sasa aliwekwa kando na Walutheri.

Ni katika hali hiyo, mnamo 1615, alipopata habari kuwa mama yake ameshutumiwa kuwa ni mchawi.

Shutuma zilianza kwa ugomvi wa kawaida wa majirani. Mke wa fundi mmoja wa vioo mjini Leonberg alidai kuwa kinywaji kichungu alichopewa na Katharina ndicho kilichomletea maradhi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Punde si punde kila aliyewahi kuumwa mguu, kufiwa na mnyama au kupishana na bibi kizee huyo njiani alikumbuka jambo, na kila jambo likapewa maana. Hata mitishamba yake iligeuka ushahidi.

Kepler alihofia kuwa yeye mwenyewe alikuwa amechangia moto huo. Miaka kadhaa awali alikuwa ameandika hadithi ya kubuni kuhusu safari ya mwezini, ambayo mhusika wake alikuwa na mama anayezungumza na pepo. Nakala za hadithi hiyo zilikuwa zimepita mikononi mwa watu, na baadaye aliamini kuwa kuna waliozisoma kana kwamba zilisimulia habari za nyumbani kwao.

Agosti 1620 Katharina alikamatwa. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Alikaa kizuizini kwa miezi 14, akiwa amefungwa minyororo. Kepler aliacha shughuli zake Linz akasafiri kwenda kumtetea.

Utetezi wake, uliochukua kurasa zaidi ya 100, ulitumia njia aliyoitumia kwa Mirihi. Hakuwaomba mahakimu wamhurumie mama yake, wala hakukana kuwa wachawi wapo. Alichukua kila dai akaonyesha chanzo chake cha kawaida: ugonjwa huu ulikuwapo kabla ya kinywaji, kilema kile kilitokana na kazi nzito, ushahidi huu unapingana na ule. Palipokuwa na maelezo yaliyo wazi, aliona hapana haja ya kutafuta maana ya siri.

Mwishowe mahakama iliamuru bibi huyo aonyeshwe vyombo vya mateso na kutishwa ili akiri. Alikataa katakata. Oktoba 1621 aliachiliwa huru, na Aprili 1622 akafariki.

Katikati ya masaibu hayo yote, Kepler alikuwa hajaacha kuisikiliza mbingu. Februari 1618 alimzika bintiye mdogo aliyeitwa Katharina kama nyanya yake. Akiwa hawezi kuendelea na hesabu zake za kawaida, aligeukia kitabu alichokuwa amekiwaza kwa miaka mingi kuhusu upatanifu wa ulimwengu. Ndani yake alijaribu kuonyesha kuwa kasi za sayari hupatana kama noti za muziki, na kwamba kila sayari ina wimbo wake. Dunia, kwa hesabu zake, ilipata noti za mi na fa tu, ambazo zilimkumbusha maneno ya Kilatini yenye maana ya dhiki na njaa.

Mnamo Mei 15, 1618 alipata kanuni yake ya tatu. Ukichukua idadi ya miaka ambayo sayari hutumia kulizunguka jua na kuizidisha kwa yenyewe, utapata sawa na umbali wake kutoka kwa jua uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, ikiwa umbali wa dunia utahesabiwa kuwa moja. Mshtarii, ulio mbali mara 5.2 kuliko dunia, hutumia takriban miaka 11.9. Hesabu hizo zote mbili hutoa karibu 141. Siku nane baadaye ghasia zilizuka Prague, zikaanzisha vita vilivyoiteketeza Ulaya kwa miaka 30.

Kitabu hicho, Harmonice Mundi, kilitoka 1619. Kepler aliishukuru mbingu kwa wimbo huo, na mwaka wa 1621 akachapisha tena kile kitabu chake cha ujana chenye maumbo matano. Hakuacha kuamini kuwa ulimwengu ni barua na kwamba binadamu ameumbwa na akili ya kuisoma.

Mwaka wa 1626 wakulima walioasi waliuzingira mji wa Linz na kiwanda cha uchapishaji kikateketea. Kepler alihamia Ulm na huko, mwaka wa 1627, akachapisha majedwali ya mwendo wa sayari ambayo Brahe alikuwa amemwachia kama wosia.

Vuli ya 1630 alisafiri kwenda Regensburg kufuatilia malimbikizo ya mshahara wake. Alishikwa na homa akafariki Novemba 15, 1630 akiwa na umri wa miaka 58. Makaburi alimozikwa yaliharibiwa vitani, na hadi leo hakuna ajuaye kaburi lake lilikuwa wapi.

Majedwali yake hayakuzikwa naye. Alikuwa ametangaza kuwa Novemba 7, 1631 sayari ya Utaridi ingepita mbele ya jua. Siku hiyo, jijini Paris, msomi Pierre Gassendi aliona kitone cheusi kikilikatiza jua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuliona tukio hilo na kulitambua.

Mnamo 1687 Isaac Newton alionyesha kuwa kanuni zote tatu za Kepler hutokana na nguvu moja ya mvutano, ile ile iangushayo tunda kutoka mtini. Muziki wa sayari haukuhitajika. Maumbo matano nayo yalipoteza nguvu kabisa mwaka wa 1781, wakati William Herschel alipogundua sayari nyingine, Uranus. Darubini ya Marekani iliyopewa jina la Kepler, iliyofanya kazi angani kuanzia 2009 hadi 2018, iligundua zaidi ya sayari 2,600 zinazozunguka nyota nyingine, wala hazikupangwa kwa ramani ile ya Graz.

Kanuni zake tatu, kwa upande mwingine, zinatumika kila siku. Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha sikukuu ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kwenda kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Njia yake kuizunguka dunia ilifuata kanuni alizozipata mtu aliyekuwa akitafuta jambo jingine kabisa.

Iwapo ulimwengu una ujumbe kwa binadamu ni swali ambalo hesabu za Kepler hazikulijibu, na waumini na wasioamini wangali wakijadiliana juu yake. Kepler alilijibu kwa imani yake, wala hakuwahi kuyumba. Lakini kila alipotakiwa kuchagua kati ya maana aliyoitamani na jambo lililothibitishwa, alilishika lililothibitishwa. Ndivyo alivyoipata njia ya Mirihi, na ndivyo mama yake alivyoachiliwa huru.